Darasa la sanaa la chekechea lisilo na sampuli ubaoni: tunavyoliendesha Tanga, karibuni tujadili

#1 Mwalimu Mkonge

Wakuu, salaam.

Tangu niguse suala hili kwenye uzi wa ada za chekechea, nimepata maswali mengi kuhusu darasa la sanaa tunaloendesha Jumamosi hapa Tanga kwa watoto wa miaka 3 hadi 7. Badala ya kumjibu mmoja mmoja, nimeona nifungue uzi. Walimu wa awali, wazazi na wachoraji karibuni, na mwenye kupinga apinge.

Msimamo wangu nausema mapema. Mtoto wa umri huu asichorewe sampuli. Asipewe ua la kuiga, asipewe fotokopi ya bata apake rangi "bila kutoka nje ya mstari", wala asishikwe mkono ili mstari unyooke. Apewe vifaa, apewe muda, na mtu mzima akae karibu aangalie.

Wengi wetu tumepitia chekechea za namna ile nyingine. Mwalimu anachora ua ubaoni: duara, petali tano, shina, majani mawili. "Haya, chora kama langu." Muda si mrefu kuna maua arobaini yanayofanana, na aliyelipa ua lake macho anaambiwa arudie. Mtoto yule alikuwa na jambo la kusema juu ya ua, likazimwa. Akifanyiwa hivyo muhula mzima, anachojifunza ni kusubiri mtu mzima aanze. Ndiyo hao mnaowakuta darasa la kwanza wameshika penseli wanauliza: "Mwalimu, tuchore nini? Tutumie rangi gani? Naruhusiwa kuweka jua?"

Sisi tunatandika mikeka chini ya mwembe. Upande mmoja rangi, upande mwingine udongo wa mfinyanzi, upande wa tatu vipande: vifuu, kombe za pwani, mabua, vitambaa vya kanga chakavu, maboksi, nyuzi za katani. Karatasi ni kalenda za mwaka uliopita (upande wa nyuma ni mweupe na mpana) na mabaki tunayopewa steshenari. Brashi tunafunga wenyewe, nyuzi za katani kwenye kijiti. Rangi ni nne tu: nyekundu, njano, bluu na nyeupe. Vifaa hivyo hivyo tunaviacha wiki kadhaa bila kubadilisha, kwa sababu siku ya kwanza mtoto anakishangaa kitu, siku ya pili anakijaribu, na mawazo yake mwenyewe huanza kutoka baadaye, akishakizoea.

Niwape mfano wa kinachotokea. Mtoto mmoja wa miaka minne asubuhi nzima hakuchora kitu. Alikuwa anachanganya. Alianza na njano kwenye kifuu, akadondosha bluu kwa ncha ya brashi, akaona kijani, akatulia. Akaitazama brashi, akakitazama kifuu, akaongeza bluu. Kijani kikakolea hadi kikafanana na jani la mwembe. Akavuta kifuu kingine akaanza kinyume, bluu kwanza, halafu njano. Safari hii njano ikamezwa. Akaongeza, ikamezwa tena. Akamwaga njano yote iliyobaki ndipo kijani kikatokea, akamwambia jirani yake: "Bluu ina nguvu. Njano lazima wawe wengi." Hakuna mtu aliyemfundisha hilo, na karatasi aliyokwenda nayo nyumbani ilikuwa na alama mbili za vidole basi.

Mzazi akiiangalia karatasi ile anaona ada yake imepotea. Ndiyo sababu ya uzi huu.

#2 Mama Wawili

Mwalimu asante, ila nitasema ukweli wangu. Mwanangu wa miaka mitatu na nusu yuko darasa la namna hii Dar. Kila wiki anarudi na karatasi ya rangi ya tope. Kahawia juu mpaka chini. Mtoto wa dada yangu yuko shule nyingine, yeye analeta tembo, analeta samaki, vyote vimekatwa vizuri na kubandikwa. Bibi yao akija ananiuliza huyu wako anasoma nini. Mimi nitamjibu nini?

#3 Kiroboto wa Moshi

Nasubiri majibu hapo. Hata mimi nyumbani ni tope tu.

#4 Mwalimu Mkonge

Dada Mama Wawili, hilo swali ni la haki kabisa.

Kwanza huyo tembo. Muulize mtoto wa dada yako nani alimkata. Nimefanya kazi shule za aina hiyo, nazijua jioni zake: walimu wanabaki na mkasi, wanakata tembo ishirini, wanatia gundi, mtoto kazi yake ni kubandika jicho. Anapolipeleka nyumbani linasifiwa, na yeye mwenyewe anajua kwamba hakulifanya.

Pili, hilo tope. Mtoto wa miaka mitatu akiachiwa rangi zote atazichanganya zote, na rangi zote zikichanganyika hutoa kahawia. Lazima apite hapo. Atajua kwa mkono wake kwamba kuna mahali pa kuacha, na siku moja utaona ameacha: nyekundu huku, bluu kule, na nafasi katikati. Ukitaka kumsaidia, usimpe rangi zote kwa pamoja. Mpe mbili. Njano na nyekundu haziwezi kumpeleka kwenye tope hata afanyeje, na machungwa atakayoyapata yatamfurahisha.

Tatu, kuna hatua za mchoro ambazo mzazi akizijua roho inatulia. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Marekani, alizipanga hatua hizo katika miaka ya 1940, na ukikaa na watoto utaziona kwa macho yako. Kuanzia karibu miaka miwili ni michirizi. Mkono wote unatembea kuanzia begani, maana mtoto hutawala bega kabla hajaweza kutawala vizuri kiganja na vidole. Halafu michirizi inaanza kuzunguka, na karibu na miaka mitatu duara linafunga. Duara likishafunga subiri kidogo: litaota macho, kisha miguu miwili itatoka moja kwa moja kichwani. Kiwiliwili hakuna. Mzazi anasema mtoto amesahau tumbo, anamchorea. Jamani, msimchoree. Watoto wengi hupitia kichwa chenye miguu, na tumbo litakuja lenyewe.

Kwenye miaka mitano sita hivi unapata mstari wa ardhi chini ya karatasi na vitu vimesimama juu yake. Hapo ndipo utamu ulipo. Kijana mmoja hapa alituchorea daladala. Ubavu wa gari unaona mpaka ndani: abiria wote wamekaa, miguu inaonekana, mzigo wa mama mmoja unaonekana, hata kuku ndani ya tenga. Konda yuko nje ya mlango, na ni mkubwa kuliko gari lenyewe. Mkono wake peke yake una urefu wa madirisha matatu. Mtu mzima angesema amekosea vipimo. Mimi nilimwuliza tu, "Nieleze kuhusu huyu wa mlangoni." Akasema, "Huyu ndiye anaita watu. Mkono mkubwa wa kuita." Amepanga ukubwa kwa umuhimu, kwa makusudi. Ningempa daladala la fotokopi apake rangi, mkono ule nisingeuona kamwe.

Bibi akija, mwonyeshe nyuma ya karatasi. Sisi kila kazi tunaandika nyuma tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Bibi akisoma "mkono mkubwa wa kuita" ataelewa upesi kuliko wewe na mimi.

#5 Baba Chanja

Nakubali kwa sehemu. Ila watoto wanahitaji motisha. Mimi wangu nampa pipi au nyota kwenye daftari kila akichora vizuri, na sasa anachora kila siku. Kuna ubaya?

#6 Mwalimu Mkonge

Kaka, mwaka 1973 watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha utafiti wao kutoka shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Kundi la pili hawakuahidiwa, ila walipewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa baada ya kuchora. La tatu hawakupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu zikawekwa darasani bila neno lolote, kila mtoto yuko huru. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Wa makundi mengine mawili waliendelea kama kawaida.

Hao ni watoto walioipenda kazi kwa roho safi. Ahadi ya tuzo ikaigeuza ikawa kazi ya malipo, na malipo yalipokosekana wakaiacha.

Kwa hiyo pipi ziondoe taratibu, usizikate ghafla akadhani amekosa. Na hii "akichora vizuri" ifikirie pia, maana mwenye kuamua vizuri ni nani hapo nyumbani? Badala ya "umechora vizuri" taja unachokiona: "Naona umejaza kona yote kwa bluu." Mtoto akisikia hivyo anajua umeangalia kweli. Nyota inamwambia tu kwamba umepita.

#7 Bint Pangani

Hapo kwenye kutaja unachokiona nimepaelewa, nimejaribu leo leo. Mtoto amenieleza robo saa nzima kuhusu mistari mitatu.

#8 Mzee wa Hoja

Haya mambo ya kizungu mnatuletea. Sisi tulikua hatukupelekwa darasa la sanaa na tuko vizuri. Mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, kuchora atachora akipenda.

#9 Mwalimu Mkonge

Mzee wangu, shikamoo. Nikuulize kwa heshima: ulipokuwa na miaka sita, gari la kuchezea ulilipata wapi? Kama ulikulia kama mimi, ulilitengeneza. Boksi la maziwa au bati la mafuta, magurudumu ya kandambili zilizokatika, ekseli ya kijiti. Wakubwa kidogo walikunja magari ya waya yenye usukani mrefu. Wasichana walisuka nywele za wanasesere wa magunzi ya mahindi. Mpira tulifunga kwa makaratasi na kamba za migomba. Nani alituchorea sampuli? Hakuna. Tuliangalia lori la mkonge linapita, tukarudi nyuma ya nyumba tukalitengeneza kwa tulichokiokota, na kila gari lilikuwa na namna yake.

Hilo ndilo darasa ninalolizungumzia. Sasa watoto wanakaa nyumba zilizozungushiwa ukuta, simu mkononi, hakuna jalala la kuokota kandambili wala nafasi nyuma ya nyumba. Jumamosi yetu inawarudishia ile nafasi.

Kuhusu KKK, tuko pamoja. Mkono uliofinyanga udongo na kukata boksi unashika penseli bila kuchoka. Anayeeleza habari za daladala yake kwa sentensi ndefu anajenga lugha atakayoiandika mwakani.

Wenzetu wa nje nao walifika hapo kwa njia zao. Vienna, Franz Cizek alifungua darasa la watoto mwaka 1897 akiwaacha wachore ya vichwani mwao. Italia kuna mji wa Reggio Emilia. Vita ilipoisha mwaka 1945, wakazi wa kijiji kimoja jirani waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, fedha wakajengea shule ya watoto. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alikwenda kwa baiskeli kuangalia kama habari ni kweli, akabaki nao maisha yake yote. Manispaa ilifungua chekechea yake ya kwanza mwaka 1963, na kila shule ikatengewa chumba cha sanaa na mtu aliyesomea sanaa. Wale wazazi walikuwa wametoka kwenye utawala wa kifashisti, walitaka watoto wenye uwezo wa kufikiri wenyewe. Sioni kama hilo ni la kizungu au la Kiafrika, Mzee.

#10 Mzee wa Hoja

Marahaba. Magari ya waya umenikumbusha mbali. Nitafuatilia uzi.

#11 Fundi Brashi

Mimi ni mchoraji, niko Dar, nimejifunzia kwenye mikono ya watu wa Tingatinga. Mwalimu, na mimi nitakupinga. Sisi tumejifunza kwa kuiga. Unaingia kwa fundi, miezi ya kwanza unapaka mandharinyuma tu. Halafu unajaza rangi mnyama aliyechorwa na fundi. Halafu unaiga. Ukiiva ndipo unapata mkono wako. Leo watu wanakula kwa kazi hiyo. Ukisema kuiga ni kubaya unatukana shule yetu nzima.

#12 Mwalimu Mkonge

Fundi, heshima yako. Sikatai uanagenzi hata kidogo. Kijana wa miaka kumi na sita anayekwenda kwa fundi anakwenda kwa hiari, anajua anachokitafuta, mkono wake umekomaa, na ana soko mbele yake. Lazima aige kwanza. Mimi nazungumzia mtoto wa miaka minne ambaye bado anagundua kwamba mkono wake unaacha alama.

Na tumwangalie mwenyewe Edward Saidi Tingatinga. Kijana wa Tunduru, hakusoma chuo chochote cha sanaa, alifanya vibarua, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya ubao laini kwa rangi za kung'aa za baiskeli, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoweza kuvipata. Alikufa mwaka 1972, miaka minne tu ya kazi, na mtindo una jina lake. Angesubiri kupewa turubai na mtu wa kumwonyesha, leo mimi na wewe tusingekuwa na la kubishania.

Kuna na Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyesoma Makerere, akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Kauli yake ambayo waliofika pale wanaijua inasema kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Ni kali, najua, na wewe una haki ya kuikataa kwa wanafunzi wako. Kwa watoto wangu wa chekechea naikubali yote.

#13 Fundi Brashi

Umenijibu kwa adabu, nashukuru. Kwa umri huo nimekuelewa. Na nikiongeza jambo: vijana wanaokuja kwetu siku hizi, ukimwambia "sasa chora cha kwako" anaganda. Mkono anao, ila cha kusema hana. Nilidhani ni uvivu wao. Labda ndiyo hayo unayoyasema, yaliuliwa mapema.

Mkipita Dar niulizeni mabaki ya ubao laini, ninayo ya kutosha. Ila rangi zetu za mafuta msiwape watoto.

#14 Bint Pangani

Naomba niulize la kwetu pwani. Wapo wazazi hapa Pangani, na mume wangu mmojawapo, hawataki mtoto achore watu na wanyama kwa sababu za dini. Je, mtoto wa aina hiyo atafanya nini kwenye darasa kama hilo? Sitaki atengwe.

#15 Mwalimu Mkonge

Dada, hatengwi hata siku moja. Sisi tunamwuliza mzazi mwanzoni na tunaheshimu. Kwa kuwa hakuna sampuli, hakuna anayelazimishwa kuchora kuku. Mtoto huyo ana urithi mkubwa sana wa kuuendea: nakshi za milango ya Unguja na Lamu, misuko ya mikeka na vikapu, pindo za kanga, hina. Tunawapeleka wakatazame mlango wa zamani, waushike kwa vidole, wafuate shina la ua linavyopanda kwenye fremu. Tukirudi hatuwaambii wauchore. Tunatoa udongo na vijiti. Wengine wanakwaruza misuko, wengine wanapanga kombe kwa safu, mmoja alitengeneza mlango mdogo unaofunguka.

Nisisitize hapa maana nimeona watu wananielewa vibaya: kutazama kitu chenyewe si sawa na kuiga mchoro wa mtu. Mlango una mambo mia, kila mtoto anaondoka na lake. Mchoro wa mwalimu ubaoni una jambo moja, na mwalimu ameshalichagua.

#16 Bi Kisauni

Hamjambo ndugu zetu wa Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mombasa. Kwa dada wa Pangani, hili tumelifanya miaka mingi na halina shida. Kwetu ulianza mpango wa shule za awali za madrasa katika miaka ya 1980, Aga Khan Foundation wakasaidia, ukafika Zanzibar na Uganda pia. Waliochukuliwa kufundisha walikuwa akina mama wa mtaani. Tulifunzwa kufanya vifaa kwa vitu vya hapa hapa: vifuu, kombe, makuti, vizibo, mbegu. Darasa lina pembe zake, mtoto anachagua pembe, na Qur'ani anasoma palepale. Wazazi waliokuwa na wasiwasi waliitwa kuja kukaa darasani watazame, na wengi walikuja kusaidia kukusanya vifuu.

Mwalimu, hapo kwa katani umenifunza kitu. Sisi brashi tulikuwa tukitafuna ncha ya kijiti kama mswaki.

#17 Mwalimu Mkonge

Bi mkubwa, shikamoo, na asante sana. Kijiti kilichotafunwa kwa wino ni kizuri kuliko cha katani, kinatoa mstari wenye nguvu. Tutakijaribu.

#18 Ticha wa Wengi

Yote mazuri. Mimi nafundisha awali shule ya serikali, watoto ni zaidi ya tisini, darasa moja, na bajeti ya vifaa ni sifuri. Nisaidie hapo.

#19 Mwalimu Mkonge

Ticha mwenzangu, wewe ndiye niliyekuwa namsubiri, kwa sababu darasa hili lisipowezekana kwako basi ni anasa tu.

Anza na uwanja. Ardhi iliyofagiliwa ni karatasi isiyoisha. Kila mtoto kijiti chake na eneo lake, achore, atembee azione za wenzake, kisha anafuta kwa mguu. Hakuna kazi ya kusahihisha, na mtoto asiyejiamini anapata ujasiri kwa sababu mchoro unafutika. Mkaa nao: kwenye sakafu ya saruji unachora vizuri na unaoshwa. Udongo wa mfinyanzi wa mtoni mfuko mmoja unatosha watoto wengi, ufunike kwa gunia bichi usikauke.

Rangi usiwape wote kwa pamoja. Kundi moja linapaka, mengine yako kwenye udongo na uwanjani, kesho zamu inahama.

Hizi ndizo zinazotoka jikoni na shambani:

Gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano ukoroge kwa kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe, umimine kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku unakoroga. Ikishakuwa nzito na kung'aa ipua. Chumvi kidogo inachelewesha kuchacha, lakini usiiweke zaidi ya siku mbili tatu kwa joto letu.

Unga wa kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji karibu kikombe kimoja uongeze kidogo kidogo, na kijiko cha mafuta. Chumvi ni nyingi, watoto wasile.

Rangi: udongo mwekundu wa Muheza uchekeche kwa kitambaa cha kanga uchanganye na gundi ile, unapata nyekundu ya matofali isiyochuja. Manjano ya unga hutoa njano kali, ila hupauka juani. Mkaa uliosagwa ni weusi mzuri. Mbegu za mzingifuri ukiziponda unapata machungwa yanayoelekea wekundu. Kijani cha majani ya mchicha kinapendeza siku mbili kisha kinageuka, na watoto wanapenda kukiona kinavyogeuka.

Onyo, na hapa sitanii: msitumie unga mweusi wa betri za zamani. Najua mbao nyingi za shule zilipakwa huo na wengine bado wanafanya. Ni sumu. Rangi za mafuta za nyumba au magari nazo hapana, baadhi zina madini ya risasi na mtoto atalamba kidole tu. Vizibo na shanga wasipewe walio chini ya miaka mitatu, vinakaba koo.

#20 Ticha wa Wengi

Uwanja! Jumatatu naanza. Wakaguzi wakija wakikuta hakuna kitu ukutani?

#21 Mwalimu Mkonge

Piga picha za uwanjani kwa simu, na chini ya kila picha andika mtoto alisema nini. Mkaguzi akisoma maelezo hayo ataona lugha, hesabu na ushirikiano, vitu ambavyo mtaala wenyewe unavidai. Ukuta uliojaa maua arobaini ya aina moja unaonyesha kazi ya mwalimu tu.

#22 Mama Wawili

Mwalimu nimerudi. Yule wa rangi ya tope nimempa rangi mbili kama ulivyosema na ameng'ang'ana nazo. Sasa tatizo ni dada yake wa miaka sita. Yeye anakataa. "Siwezi, nichoree." Nikikataa analia. Halafu anatumia mkono wa kushoto na shuleni wanamwambia abadilishe.

#23 Mwalimu Mkonge

Dada, nianze na mkono. Naomba sana usikubali abadilishwe. Kushoto si utovu wa adabu wala si ugonjwa, ubongo wake ndivyo ulivyojipanga. Ya kula na kusalimia kwa mkono wa kulia mfundisheni kama desturi yenu, hiyo ni heshima na mtoto anaielewa. Lakini penseli na mkasi viacheni mkono unaovitaka. Nenda shuleni uzungumze na mwalimu wake kwa upole. Nyumbani, karatasi yake ilaze juu yake ielekee kulia kidogo, na umkalishe upande wa kushoto wa meza asigongane na mwenzake.

Inawezekana kabisa ndiyo mzizi wa "siwezi". Mtoto anayeambiwa kila siku mkono wake ni mbaya atauaminije kuchora?

Sasa kumchorea. Usimchoree, na usimwache peke yake na kilio. Akisema nichoree paka, mwulize paka ana nini. Masikio. Yako wapi, juu au pembeni? Yamechongoka au ya mviringo? Kama kuna paka jirani nendeni mkamtazame. Mara nyingi kabla hamjamaliza kuongea ameshashika penseli. Akikwama kabisa ondoa penseli na karatasi, kwa mtoto wa miaka sita vimeshakuwa mtihani. Mpe boksi, gundi na vitambaa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia amekosea kutengeneza kitu kwa boksi, kwa hiyo hana hofu nacho. Wengi huanza na boksi, wiki chache baadaye wanataka kulipaka rangi, wakishalipaka wanataka kulichorea madirisha, na hapo amekwisha kuchora.

Na mdogo wake mkalishe karibu naye. Usimlinganishe, usimsifu mmoja mbele ya mwingine. Kaa na wewe chini ufanye cha kwako, ila kwa boksi au udongo, usichore, maana ukichora tu ataiga wa kwako.

#24 Mama Wawili

Boksi la televisheni liko stoo. Nalitoa kesho. Nitaleta picha humu bila sura zao.

#25 Mwalimu Mkonge

Lete dada. Na uandike walichosema.